Sanduku la Wazungu Wako

Baba,

Barua zote ulizozipenda maishani mwako zilianza kwa "Mheshimiwa" na kuishia kwa "mtumishi wako mtiifu". Hii haina hayo mawili. Ni mimi Nafula, binti yako. Nimekaa kwenye kiti chako humu dukani Bwera, nimefunga nusu ya mlango, na mashine yako ya laminesheni iko mbele yangu, imepoa. Tangu tukuzike kule Kasese, mvua imenyesha, imekatika, imerudi tena. Nilikuwa nimeapa sitakuandikia hata mstari mmoja. Lakini mwezi uliopita kuna jambo limetokea, na mtu wa kuambiwa ni wewe, hata kama umelala.

Nianze na habari. Duka bado lipo. Watu wanaendelea kuleta vyeti vya ubatizo, hati za shamba na kadi za chanjo niwafunikie kwa plastiki, maana tangu mto ule ufurike na kutufundisha adabu hakuna anayeiamini karatasi iliyo wazi. Mzee mmoja wa Kitswamba alileta picha ya fahali wake aliyekufa. Nilimfanyia, na alifurahi kuliko wewe ulivyowahi kufurahi kuniona. Kile kibao chako cha mlangoni, "Mhifadhi wa Barua za Historia", upepo ulikiangusha. Mama wa chapati hapo jirani anakitumia kufunika gunia lake la makaa. Sikumwambia akirudishe.

Wajukuu wako wazima. Hukuniuliza, lakini nakuambia.

Sasa sanduku. Najua ndilo unalosubiri kusikia habari zake. Lile sanduku la bati la kijani ulilotoka nalo mgodini siku ulipoacha kazi ya stoo, wenzako wakitoka na masufuria, magodoro na watoto. Ulilijaza barua za mkono za wakubwa wa enzi ya ukoloni. Gavana. Askofu. Kapteni mmoja aliyepita huku akipima mipaka. Yule mpanda mlima. Nyingine ulizipata kwa makarani wazee waliokuwa wakiziuza kwa aibu, nyingine Mama Kahindo, yule mchuuzi wa vitenge, alikuletea kutoka Butembo ng'ambo ya mpaka, zimefungiwa ndani ya vitenge vyake ili forodhani wasiulize maswali. Na kila Jumapili baada ya ibada wageni walinawishwa mikono kama wanaokwenda kula, ndipo uwafungulie.

Nilizijua zile barua kwa moyo, Baba, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikishika taa. Kapteni alimwandikia dada yake kwamba chumvi ya Katwe imemharibia yai lake la asubuhi. Basi. Watu wamesimama ndani ya ziwa lile la chumvi tangu mababu, miguu imepasuka, na neno alilowaachia ulimwenguni ni habari ya yai. Mpanda mlima alilalamika kurasa tatu kwamba wapagazi wake kutoka Ibanda ni wavivu, wanatetemeka ovyo, na wamechelewesha beseni lake la kuogea. Yeye amevaa buti na makoti mawili, wao pekupeku juu ya barafu na beseni kichwani, halafu wavivu ni wao. Nyani haoni kundule. Gavana, huyo uliyemweka wa kwanza, namba moja kwa kalamu nyekundu, aliandika kwenda kwa fundi wa nguo wa ng'ambo kwamba kola za mashati yake zinambana shingo.

Na wewe ulisoma hayo kwa sauti ya misa. Mwisho ulikuwa unasema, "Tazameni mwandiko. Mtu mkubwa huonekana kwenye mwandiko." Wageni wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa natazama mwandiko huo na kuona mtu anayewashwa shingo.

Uliiga mpaka sahihi yake. Kwenye ripoti yangu ya darasa la nne, mahali pa mzazi, uliweka ule mkia mrefu wa Gavana unaozunguka mara mbili. Mwalimu akaniuliza kama baba yangu ni mgonjwa.

Sasa niseme lile linaloniuma, maana nilikuwa nalizungukia. Mama, Amoding wako, alikufa kule kwetu upande wa Kenya nikiwa sijafika miaka mitatu. Shangazi akanileta kwako Kasese kwa basi, nimeshika kibuyu cha maziwa yaliyoganda. Sina picha yake. Sauti yake siikumbuki. Kitu kimoja nilichoambiwa na Shangazi ni kwamba Mama alikuwa anakuandikia. Yeye Mteso, wewe Mluhya, hakuna aliyejua lugha ya mwenzake vizuri, hivyo mlioana kwa Kiswahili na mliandikiana kwa Kiswahili, miaka yote uliyokuwa chini ya ardhi ukihesabu vyuma vya watu. Nikiwa na miaka kumi nilikuuliza barua za Mama ziko wapi. Ulikuwa umechuchumaa unawasha sigiri ya makaa kwa karatasi. Hukugeuka. Ulisema, "Zile zilikwisha," ukapuliza moto.

Mtoto huamini anachokiona. Nilikuona na karatasi mkononi, nikaona moto. Tangu siku hiyo, kila uliponawisha watu mikono ili waguse kola za Gavana, nilikuwa nakudharau, Baba. Si hasira. Hasira hupoa. Nilikudharau kwa utulivu, huku nimeshika taa.

Halafu mto ukaja. Unakumbuka vizuri, usijifanye. Maji yalikuwa yameshafika kwenye kitanda, mawe yanagongana huko nje, na mimi nimeinama nainua cherehani yangu, ile ya kwanza, niliyoinunua kwa miaka minne ya kushona sare za shule. Ukanishika mkono. "Acha hiyo. Beba sanduku." Nilidhani umechanganyikiwa. Ukarudia kwa ile sauti ya askari wa getini mgodini, "Sanduku, Nafula. Sasa." Majirani nao, watu wazima wenye akili, wakapiga kelele kutoka kwenye kilima, "Barua za wazungu! Okoeni barua za wazungu!" Nikalibeba. Maji kiunoni, bati linanikata kichwa, nikimlaani Gavana, Askofu na wewe, kwa utaratibu huo. Cherehani ilikutwa siku ya tatu imezikwa kwenye mchanga karibu na daraja, haina hata gurudumu.

Miezi saba sikuongea na wewe. Uliniletea cherehani ya mitumba, ukaiacha mlangoni, ukaenda zako bila kugonga. Niliitumia kwa sababu watoto wanakula, lakini sikukusamehe. Na ulipoanza kuumwa nilikuogesha, nikakugeuza, nikakulisha uji, na bado sikukusamehe. Hilo ulilijua. Siku moja karibu na mwisho ulinyoosha kidole kuelekea sanduku, ukafungua mdomo, nami nikakwambia, "Nimesikia, Baba. Wazungu wako wako salama." Ukafunga mdomo.

Ningekuacha useme. Hilo linanisumbua sana siku hizi.

Baada ya arobaini nikafungua sanduku, natafuta kitu kimoja tu: kipande chochote cha mwandiko wa Mama. Bahasha hata tupu. Niliondoa barua moja baada ya nyingine. Kila moja umeifunika kwa plastiki, mbele barua ya mkubwa, nyuma karatasi yako ya mashine ya chapa: nani aliandika, kwa nani, kutoka wapi. Nilifika mpaka kwenye bati. Hakuna. Nikakaa sakafuni nikacheka, kicheko kibaya, nikaamua ziondoke zote.

Ndipo nikamwita yule bwana wa ng'ambo mliyekuwa mkiandikiana, mkusanyaji wa barua za wakubwa wa zamani. Jina lake silitaki ndani ya barua hii. Nitamwita Bwana Glovu. Alifika hapa Bwera na gari jeupe na kijimkoba. Kabla ya kusema habari za pole alivaa glovu nyeupe, akakunjua kitambaa juu ya kaunta yako, akafuta mahali pa mtu aliyekuwa ametoka kufunikiwa kadi ya chanjo. Alikuwa amejifunza Kiswahili darasani, kile cha kwenye redio. Kwa nusu dakika, Baba, nilikuonea fahari. Nilisema, angalau kuna mjinga mwingine.

Akaishika namba moja. Akaigeuza kwenye mwanga. Uso wake ukabadilika kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali.

"Hii imefunikwa kwa joto," akasema.

Nikamjibu kwa heshima kwamba ndiyo, zote, Mzee alizifanya mwenyewe kwa mashine hiyo hapo, ili maji yasizipate. Nilisema kama mtu anayetaja sifa. Nani asiyefunika karatasi ya maana? Huku kwetu mtu akikuletea hati ya shamba iko wazi, unajua haipendi familia yake.

Bwana Glovu akakaa. Akafungua namba mbili, namba tatu, mpaka chini, anatikisa kichwa. Halafu akanisomea hukumu: "Nasikitika kukuarifu kwamba marehemu baba yako amefanya uharibifu mkubwa sana. Gundi ya plastiki imeingia katika wino. Barua hizi zimekufa. Hazina thamani yoyote kwa mkusanyaji." Alisema zimekufa, kwa mtu aliyetoka kuzika. Pole bado hakuwa ametoa.

Nilitamani kukuamsha usikie. Maisha yako yote, Baba. Wageni wamenawa mikono miaka yote hiyo, cherehani yangu imezikwa mchangani, na kumbe siku ulipowasha mashine hii ukawapitisha mmoja mmoja kwenye moto, uliwaua wewe mwenyewe, kwa mapenzi. Nilikucheka tena. Nisamehe kwa hilo, au usinisamehe.

Akasema ajaribu moja, pengine itanasuka. Akatoa kisu kidogo, akaipasua namba moja ukingoni. Plastiki ikafunguka. Barua ya Gavana haikutoka, imegandamana na plastiki ya mbele kama ngozi. Karatasi yako ya maelezo nayo imegandamana na plastiki ya nyuma. Lakini katikati yao kulikuwa na karatasi ya tatu. Hiyo haikuguswa na gundi upande wowote. Iliteleza yenyewe, ikaanguka juu ya kaunta.

Najua ile desturi yako ya kazi, uliwafundisha wote waliopita hapa: karatasi nyembamba ikiingia peke yake mashine huikunja, kwa hiyo iwekee nyingine katikati iishike. Vyeti vya wateja uliviwekea vipande vya kalenda ya mwaka uliopita.

Bwana Glovu akaitazama. Karatasi ya daftari la hesabu, ya viboksi, wino wa bluu. Akaisukuma pembeni kwa kiwiko. "Hii ni takataka tu," akasema, akaweka kikombe chake cha chai juu yake.

Nikaona neno moja chini ya kikombe. Amoding.

Sijui nilimwambia nini, ila alikiondoa haraka kile kikombe, akakusanya glovu zake. Mama wa chapati anasema alinisikia mpaka kwake. Gari jeupe liliondoka kuelekea Kasese na hakuna aliyelipungia mkono.

Nilibaki na kisu chake. Alikisahau, na simrudishii.

Nilizipasua zote, Baba, hapa hapa sakafuni. Nyuma ya Askofu, Mama. Nyuma ya Kapteni na yai lake, Mama. Nyuma ya mpanda mlima zilikuwemo mbili, moja kila upande wa ukurasa wa lile beseni. Umezipanga kwa tarehe, ya kwanza kwa namba moja, mpaka ile ya mwisho ambayo mwandiko unapanda na kushuka kwa sababu alikuwa ameshaugua. Hazina doa. Hazijafifia. Wao gundi imewala, yeye amebaki mkavu katikati kama jana.

Mwandiko wake ni mbaya sana. Herufi zinalala upande kama ng'ombe waliochoka. Sikuwahi kuona kitu kizuri kama hicho.

Anasema mahindi yameota lakini nguruwe wa jirani hana adabu. Anasema mguu wa mama yako umepona. Anasema Nafula ameanza kutembea, anamfuata kuku mmoja tu, wengine hawataki, na kuku huyo ameshindwa kutaga kwa wasiwasi. Na katika barua ya namba sita anakwambia hivi, umesikia, wewe mwenyewe uliisoma: "Usiniandikie tena habari za mabwana zako wanavyoandika vizuri. Niandikie kama umekula." Kwa hiyo hata yeye alikudharau kidogo. Nimefurahi. Nimepata kitu cha kurithi.

Siku ya soko nilimwendea Mama Kahindo kule Mpondwe, kwenye meza yake ya vitenge, nikamwekea barua ya kwanza ya Mama mbele yake. Hakushangaa. Alikunja kitenge alichokuwa ameshika, akakaa juu ya beli lake la vitenge, akaniambia, "Aa, mutoto yangu. Sasa umeona. Muzee alinikataza kusema, lakini sasa iko kaburini, itanifanya nini? Siku moja nilimuuliza, Muzee, sababu gani unatia barua ya bibi yako nyuma ya bazungu? Akanijibu: Kahindo, moto ikikuja, ao mayi ikikuja, batu bataokoa barua ya nani kwanza? Ya guvernera. Ya mwanamuke wa kijiji hakuna mutu atakumbuka. Basi mi namuficha huko nyuma. Kama banaokoa guvernera, banaokoa na bibi yangu."

Nililia mbele ya wateja wake. Akanipa kipande cha kitenge cha kufutia uso, halafu akanikumbusha nisikitie makamasi kwa kuwa atakiuza.

Kwa hiyo nililibeba. Maji kiunoni, nikiwalaani nyote, nilikuwa nimembeba Mama kichwani. Na wewe ulijua, ukaniangalia, ukanyamaza.

Usidhani nimegeuka malaika. Bado nina la kusema. Uliwajua watu vizuri, Baba, nakupa hilo. Ulijua sisi ni watu gani, tunaosimama kilimani na kupiga kelele wazungu waokolewe huku cherehani ya mtu inakwenda na maji. Uliwafanya Gavana na Askofu walinzi wa getini kwa Mama, na wao hawakujua. Hiyo ni dharau kubwa kuliko yangu, na naivulia kofia. Lakini mimi nilikuwa ndani ya nyumba ile ile. Nilikuwa na miaka kumi, nimesimama nyuma yako kwenye sigiri. Ungeweza kugeuka. Ulimficha Mama, moto, mto na ulimwengu wote usimpate, halafu ukamficha hata mimi nisimwone. Ulidhani nitauliza nini? Ulidhani nitaona umelia? Miaka yote hiyo nilikudharau kwa kosa ambalo hukulifanya, na lile ulilolifanya sikulijua hata jina lake. Ni woga, Baba. Mwanamume wa stoo, mtu wa chini ya ardhi, uliogopa binti yako asome kwamba mkeo aliwahi kukuuliza kama umekula.

Na mimi nilikuziba mdomo siku ile kitandani. Kwa hiyo tunadaiana, na hakuna wa kulipa. Tuliache hapo.

Wakubwa wako sikuwachoma. Plastiki inanuka ikiungua, na ni ngumu vizuri, haikunjiki. Nimeipeleka Kasese kwenye cherehani yangu, nikaikata iwe vipimo vya kukatia nguo. Mpanda mlima nimemkata mfuko wa shati. Askofu amekuwa mikono ya gauni la mtoto. Gavana nimemfuata kwa mkasi taratibu, nikifuata chaki, na sasa ndiye kipimo changu cha kola. Wanafunzi wa shule nzima juma hili wamevaa kola zilizokatwa juu ya barua yake, na hakuna hata mmoja anayebanwa shingo.

Mama nimemweka kwenye bahasha ya kawaida, haina namba. Wajukuu wako wameanza kusoma. Mdogo ananyoosha yale maneno yaliyolala kwa kidole chenye mafuta ya mandazi, na nimemwacha. Pale kwenye barua ya namba sita ameshaacha alama.

Lala sasa, mzee wangu. Jumapili baada ya ibada nitakuja na kiti, nikae hapo miguuni pako, nikusomee ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa sauti, wanaopita njiani wasikie. Hakuna atakayenawa mikono. Na mto ukirudi, maana utarudi, sitatafuta sanduku wala sitangoja mtu wa kilimani aniambie nini kina thamani. Nitambeba Mama mbele, kifuani.

Nimekula, Baba. Ningependa kujua kama na wewe.

Binti yako,
Nafula wa Amoding